Mlio wa Upande wa Kushoto

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, mwezi wa nane

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mbukwa nyingi kama tunavyosalimiana nyumbani. Naomba barua hii ikukute una nguvu, goti la Mama likiwa limepoa, na upepo huu wa Agosti uwe umeziacha zimesimama nguzo za mizabibu. Huku kwetu vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Mimi ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja ambalo ndilo lililonikalisha mezani leo baada ya ibada, na nitalifikia. Tafadhali usiruke kwenda mwisho. Nakujua.

Mama atashangaa kwa nini sikupiga simu. Nikipiga, anapokea yeye, kisha anakupazia sauti, na maneno yangu yote yanakufikia yakiwa yamebaki "Erica anasalimia, yuko salama." Safari hii nataka uyapate yote, uyasome kwa muda wako, miwani ikiwa puani.

Nilipokuja wakati wa kupogoa uliniuliza ninafanya nini hasa kutwa nzima mbele ya kompyuta, nami nikakujibu kwa mkato kwamba natengeneza programu za simu. Uliguna. Mguno ule nimetembea nao tangu siku hiyo. Mtu aliyeifumua injini ya mashine ya kusaga ya Makutupora na kuifunga tena bila kubakiza nati mkononi hastahili kujibiwa hivyo. Basi nikueleze vizuri, kwa sababu bila hayo hutaelewa kilichonipata.

Ofisi yetu iko Chang'ombe, juu ya duka la mabomba la Mzee Vithaldas. Tuko wawili, mimi na mwanawe Nikhil niliyesoma naye chuo. Yeye anachora namna programu itakavyoonekana na anazungumza na wateja. Mimi nafanya yale ya ndani yasiyoonekana. Mwaka huu tulipata kazi kutoka kwa shirika linalozunguka shuleni kupima masikio ya watoto. Msimamizi wake ni dada mmoja anaitwa Asma, mtaalamu wa usikivu, mpole wa maneno lakini hana mzaha na kazi. Alitaka mhudumu wa afya aweze kumpima mtoto kwa simu ya kawaida na hedifoni tu, hata mahali ambapo mashine kubwa za hospitali hazifiki. Mtoto anavaa hedifoni, simu inatoa mlio mdogo kulia au kushoto, akiusikia anainua mkono.

Sasa Baba, simu ziko za aina mbili kubwa, na kila aina ina lugha yake ya ndani. Zamani fundi aliandika programu mara mbili, moja kwa kila aina. Siku hizi tunatumia kiunzi kimoja: unaandika mara moja, nacho kinajua kusimama kwenye simu za aina zote mbili. Ni raha tupu, mpaka siku unapohitaji kitu ambacho kiunzi hakina.

Sisi tulihitaji milio. Mlio wa kupimia masikio si mlio wowote tu, lazima nguvu yake ijulikane kwa hakika, la sivyo unapima upepo. Wahandisi wa nchi ya mbali walishaitengeneza milio hiyo wakaifunga katika kifurushi ambacho sisi mafundi tunakiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ila waliiandika kwa lugha ya ndani ya kila simu. Kiunzi chetu hakikuwa na habari nayo. Ni kama ulivyoletewa injini ya kampuni moja na kinu cha kampuni nyingine: vyote vizima, lakini haviwezi kushikana mpaka mtu atafute puli na mkanda. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mkanda huo. Wenyewe tunauita daraja. Upande mmoja natuma amri, "toa mlio mnene, hafifu, kushoto," na upande wa pili maktaba inatii na kurudisha jibu.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwanzoni programu ilikataa hata kufunguka. Nilipochimba nikakuta maktaba yao na maktaba nyingine tuliyokuwa nayo zote zinategemea kitu kimoja, lakini kila moja inataka toleo lake, kama wake wenza wanaogombea jiko. Nikazipatanisha. Kisha milio ikawa inachelewa: mtoto ameshashusha mkono, mlio ndio unafika. Hapo nilijifunza jambo lililonifurahisha sana. Nilikuwa naivusha sauti yenyewe darajani, mzigo mzito. Nikaiacha sauti ibaki kulekule kwa maktaba, nikawa navusha amri tu, na kila kitu kikakaa sawa. Siku hiyo niliimba peke yangu ofisini, mpaka Mzee Vithaldas akapanda ngazi kuuliza kama nimepata mchumba.

Ndipo likaja suala la kushoto.

Nilikuwa najipima mwenyewe ili kuhakikisha milio inatoka sawa. Kulia ilikuja yote, hata ile hafifu kama mbu aliye chumba cha pili. Kushoto, ile minene haikuja. Nilipoipandisha nguvu sana ndipo ikasikika, tena kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa nyuma ya mlima.

Baba, wewe unaijua hali ile ya injini kutoa sauti isiyo yake, na chakula kikawa hakipandi mpaka umejua inatoka wapi. Ndivyo nilivyokuwa. Nilianza na hedifoni, nikaazima nyingine. Hali ileile. Nikabadilisha simu, nikachukua ile ya aina ya pili. Hali ileile. Hapo nikafurahi, maana nilijiambia kwamba kama simu mbili za lugha mbili tofauti zina ubovu mmoja, basi ubovu uko kwenye kile kinachoziunganisha, yaani kwenye daraja langu. Nikalisoma mstari kwa mstari. Sikuona kitu.

Kisha nikafanya jaribio nililoliona la akili sana. Nikaigeuza amri ndani ya programu: panapoandikwa kushoto pawe kulia, na kulia pawe kushoto. Kama ni daraja langu linalodhoofisha amri ya kushoto, nilisema, sasa udhaifu utahamia kulia. Haukuhama. Ulibaki kushoto vilevile. Nikahitimisha kwamba amri zangu hazina kosa, na kwamba maktaba yenyewe ndiyo inayoudhoofisha upande wa kushoto.

Nikawaandikia watengenezaji. Akanijibu mhandisi wao mmoja anaitwa Henry, kwa upole kabisa, akasema amezipitia kumbukumbu za programu nilizomtumia, amri zangu zote zinafika salama, na akaambatisha mchoro wa mawimbi ya sauti uliotoka kwenye faili zangu mwenyewe. Kushoto na kulia vilikuwa sawasawa kama macho ya mtu. Nilimshukuru. Moyoni nikasema huyu hajui kazi.

Utauliza kwa nini sikumwita mtu mwingine asikilize. Nikhil alikuwa Manyoni kwa mteja wetu wa zamani, Asma alikuwa akizunguka shuleni, na mimi sikuona kinachohitaji mtu wa pili. Nilikuwa najisikilizia mwenyewe.

Siku ya majaribio ikakaribia. Tulikuwa tumepangiwa shule moja ya msingi huku Nkuhungu. Kwa kuwa chanzo sikukiona, niliamua kutibu dalili. Nikaweka kipande kidogo darajani: kila mlio mnene unaoelekea kushoto uongezewe nguvu. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Kulia na kushoto vikawa sawa, vizuri kabisa. Nikamwandikia Asma kwamba tuko tayari.

Mchana huohuo Nikhil akarudi kutoka Manyoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajanywa hata maji alitaka kuona kazi ilipofikia. Akavaa hedifoni, nikabonyeza. Akazivua haraka kama aliyeng'atwa.

"Erica, mbona kushoto kunapiga kelele hivi?"

Nikamwambia hakupigi kelele, pande zote ziko sawa, nimezisawazisha kwa mikono yangu. Akavaa tena, akakunja uso. Akasema kulia ni mlio, kushoto ni king'ora. Tukabishana, unavyotujua tuliosoma pamoja. Mwishowe akasema basi, akanivisha mimi hedifoni, lakini akaigeuza: upande wa kulia akauweka kwenye sikio langu la kushoto, na wa kushoto kwenye la kulia. Jambo hilo sikuwahi kulifanya hata mara moja. Hedifoni za kupimia zina alama, nyekundu kulia na bluu kushoto, na Asma alitukanya mno tusizichanganye.

Akabonyeza. Sikio la kulia likapigwa na ule mlio mkali aliokuwa akiulalamikia. Akabonyeza tena, sasa ule ambao hata sikuuongezea nguvu, ule ambao maisha yote ya kazi hii nimeusikia bila shida kwenye upande wa kulia. Nikasubiri. Nikamwambia abonyeze. Akasema ameshabonyeza.

Chini dukani walikuwa wanakata bomba la chuma. Nikhil alikuwa ameanza kucheka, maana alidhani namtania, kisha akaniona usoni na kicheko kikamkatikia.

"Basi daraja lako halina tatizo," akasema, taratibu.

Baba, ubovu niliokuwa nautafuta muda wote ule haukuwa kwenye hedifoni, wala simu, wala maktaba ya watu wa mbali. Ulikuwa kichwani mwangu. Sikio langu la kushoto halisikii milio minene, na sijui tangu lini.

Unajua kilichonijia kwanza? Si huzuni. Kwanza ilikuwa kama kutatua hesabu. Kila kitu kilikubali: simu mbili, hedifoni mbili, amri iliyogeuzwa, mchoro wa Henry. Vyote vilikuwa vikisema kweli na mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Nilikaa nikishangaa uzuri wa jambo lile kwa dakika nzima. Kisha nikakumbuka kile kipande nilichokiweka darajani.

Fikiria, Baba. Nilikuwa nimeifanya programu ipige kelele kushoto ili mimi nisikie. Mtoto mwenye sikio bovu la kushoto angeusikia mlio, angeinua mkono, naye mhudumu angeandika kwamba ni mzima, na kuanzia hapo hakuna ambaye angemuuliza tena. Ningekuwa nimetengeneza chombo cha kuwaficha watoto walewale tuliotumwa kuwatafuta.

Nikakiondoa kipande kile palepale, Nikhil akiwa amesimama nyuma yangu. Nikampigia Asma nikamweleza lote bila kupamba. Nilijua anaweza kutunyang'anya kazi. Kwanza aliniuliza kama nimekaa au nimesimama. Akasema majaribio yanasogezwa mbele, kila kitu nilichokihakiki kwa kusikiliza kitahakikiwa upya na watu wawili pamoja na kipimo cha sauti, na kwamba mimi nifike kwake kesho yake asubuhi, si kama fundi bali kama mgonjwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda shuleni. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na kompyuta yangu, Asma akipima. Akaja msichana wa darasa la tatu, sitamtaja jina, ambaye mwalimu wake alikuwa ametuonya kwamba ana akili za kuelea. Kulia aliinua mkono kila mara. Kushoto akakaa ametulia, anatutazama kwa adabu, akisubiri tuanze. Asma alinigeukia. Sijui kama nimewahi kumshukuru Mungu kwa bidii kama kwenye lile benchi.

Sasa nakuja kwenye lile nililokuandikia.

Asma alinipima vizuri, kisha akanipeleka kwa daktari wa masikio. Ni mama wa makamo, anauliza maswali kama mtu anayechagua mchele. Alichukua chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikaanza kulia. Akakiweka karibu na sikio langu la kushoto, nikasikia kidogo sana. Kisha akakibandika kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio hilohilo. Baba, kililia ndani ya kichwa changu kama kengele ya kanisa! Nikaruka. Akatabasamu, akasema hiyo ni habari njema: sikio la ndani ni zima, ila njia ya kulifikia imeziba.

Akaniuliza kama nyumbani yuko mwingine asiyesikia. Nikamwambia yuko Baba, lakini yeye aliharibiwa na kelele za mashine ya kusaga. Hapo akaweka kalamu chini, akauliza swali ambalo sikulitegemea. Baba yako, alisema, anasikia vizuri zaidi penye ukimya au penye kelele?

Nilitaka kucheka. Kisha nikakuona. Nikakuona mashineni, injini ikinguruma kuta zikitikisika, akina mama kwenye foleni wakisema na wewe, nawe ukimjibu kila mmoja bila kukosea, hata aliyesimama mlangoni, wakati sisi wengine hatukusikia neno. Na nikakuona nyumbani, jioni tulivu, Mama akikuita mara nne. Nikakumbuka kikao kile cha familia, Baba mdogo Elisha alivyosema mbele ya watu kwamba injini ikiwaka unasikia na ikizimwa unakuwa kiziwi, kwa hiyo unasikia unachotaka. Baada ya pale uliacha kwenda vikaoni, na baadaye ukaacha kwaya.

Nilimweleza daktari yote hayo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la rafiki wa zamani. Akasema hiyo ni dalili inayojulikana, ipo vitabuni. Ndani ya sikio kuna mifupa midogo sana inayopokezana sauti, na kwa watu wengine mmoja wao huganda polepole. Mngurumo mnene hauwasumbui watu hao kama unavyotusumbua wengine, na kwa kuwa penye kelele kila mtu hupaza sauti, wao ndio husikia vizuri. Penye ukimya watu hunong'ona, nao hupotea. Alisema si ugonjwa unaoonekana sana huku kwetu, lakini upo, na mara nyingi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Baba, hukuwa unajifanya. Pengine na mashine haikuwa na hatia kubwa. Daktari hataki kuapa kabla hajakupima, na mimi siapi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea mjini nikiwa na hamu ya kumsimamisha kila mpita njia nimwambie kwamba baba yangu hakuwa anajifanya.

Anasema kuna vifaa vya kuvaa vinavyosaidia, na kuna upasuaji wa kuutoa mfupa ulioganda na kuweka mwingine mdogo wa kutengenezwa. Mimi nimeambiwa nina muda wa kuamua. Naogopa, sitakudanganya. Kuna nyakati nafunga mlango, naziba sikio la kulia kwa kidole, nasikiliza dunia ilivyobaki. Lakini nikishaogopa, huwa najiuliza mfupa wenyewe una umbo gani, na nani aliyekuwa wa kwanza kuufungua, na woga unapungua. Hiyo nadhani nimeirithi kwako pamoja na sikio. Usije ukaanza kujilaumu. Pua hii pia ni yako na sijawahi kulalamika.

Naomba uje tupimwe wote wawili. Najua utakavyosema: umri umekwenda, zabibu ziko karibu kuvunwa, hospitali ni za wagonjwa. Kwa hiyo sikuombi uniamini, nakuomba ujaribu mwenyewe. Washa ile pampu ya maji ya shambani, ngoja ishike mzunguko. Chukua bisibisi ndefu. Ncha iguse chuma cha pampu mahali pasipozunguka, kitako chake kiguse ule mfupa mgumu nyuma ya sikio lako, si tunduni. Kisha sikiliza.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, umwambie asilitese sana lile goti kwa mitungi ya maji. Baba mdogo Elisha naye msalimie, na ukurasa wa barua hii wenye maneno ya daktari umsomee kwa sauti, polepole, hata akisema ameelewa. Nikhil na mzee wake wanakusalimu. Asma hajakuona lakini anakuulizia kama anayekufahamu.

Na pampu ile ikinguruma kichwani mwako, Baba, usikae kuniandikia jibu. Izime, vaa shati la kanisani, uje.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Erica Yotham